Picha za Ukumbi wa Wanawake: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kamishna wa Ulinzi wa Data

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

KUH: OMBI LA MWONGOZO WA KISWAHILI WA KUTUMIANA PICHA ZA FAMILIA MTANDAONI KWA FARAGHA

Mheshimiwa Kamishna,

Natanguliza radhi kwa kukuandikia hadharani, nami najua kwamba meza yako haikosi mafaili mazito ya kampuni za mikopo, hospitali, benki na wananchi wanaodai haki zao. Lau jambo lenyewe lingekuwa la nyumba moja, nisingethubutu kukuongezea mzigo. Lakini ni la nyumba nyingi za Pwani, na sioni mwenye mamlaka ambaye akilisema litasikika kuliko wewe.

Kabla ya ombi, niruhusu nitoe shukrani. Mwezi Septemba 2023 ofisi yako iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na Casa Vera Lounge shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Habari hizo zilisomwa hadi vibarazani kwetu. Wengi tulifahamu hapo kwamba sura ya mtu ni taarifa yake mwenyewe mbele ya sheria, na kwamba yuko mlinzi aliyeapishwa kuilinda. Kwa hilo, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa dhati. Shukrani hizo ndizo zilizonipa ujasiri wa kusema haya yanayofuata.

Naomba unistahimilie nieleze ni picha gani ninazozizungumzia. Katika arusi zetu, usiku wa kupamba ukumbi huwa wa wanawake peke yao. Buibui huvuliwa mlangoni, shungi hufunguliwa, na nywele zilizotengenezwa tangu asubuhi huonekana. Bibi arusi hukaa jukwaani, hina imempanda mikononi na miguuni, dhahabu shingoni, na mashangazi na makungwi wake wamemzunguka. Vugo hupigwa, vigelegele hupaa, na wazee waliokaa kimya mwaka mzima husimama wakacheza. Mpiga picha ni mwanamke. Wa video ni mwanamke. Kumbi nyingi huwakataza wageni kutoa simu kabisa. Hakuna la aibu linalotendeka mle. Ni furaha ya wanawake mbele ya wanawake, na kila aliyejifunua usiku ule amejifunua kwa sharti moja: wanaomwona ni waliomo ndani.

Kisha arusi hupita, na familia haiko mahali pamoja. Shangazi yuko Muscat, mama mdogo yuko Jeddah, mabinamu wako London na Toronto, na bibi yuko Lamu, miguu haimwezeshi tena kusafiri. Wote hao wangekuwa ukumbini lau wangeweza, na wote wana haki ya kumwona binti yao alivyopambwa. Kwa hiyo picha lazima zisafiri. Swali linaloziumiza nyumba zetu ni zisafiri kwa njia ipi ili ukumbi ubaki ukumbi hata ukiwa umetawanyika katika nchi tano.

Nimeisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kwa kadiri ya uwezo wangu. Kifungu cha 51 kinasema kwamba sheria hiyo haimhusu mtu binafsi anayeshughulika na taarifa kwa mambo yake mwenyewe au ya nyumbani tu. Naomba nieleweke, Mheshimiwa: sikipingi kifungu hicho. Nisingependa, na naamini hata wewe usingependa, serikali iingie sebuleni kusimamia picha ambazo dada anamtumia dada. Lakini matokeo yake ni kwamba kikundi cha arusi hakina mlinzi wa kisheria mlangoni. Ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018, ambayo katika kifungu cha 37 humwadhibu anayesambaza picha chafu au za siri za mtu kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Binti aliyevaa gauni na kufungua nywele, je, picha yake ni ya siri? Kwetu ni ya siri. Mbele ya hakimu italazimu binti huyo asimame aeleze kwa nini, na wengi hawatasimama. Hata wakisimama, adhabu huja baada ya picha kuwa imeshafika mtaani.

Ndiyo maana nathubutu kusema, kwa heshima zote, kwamba faragha ya picha hizi huamuliwa mapema kuliko sheria inavyoweza kufika. Huamuliwa siku ambayo mwanakamati mmoja anachagua programu ya kuzipitishia. Siku hiyo huwa hana wa kumuuliza. Huchagua ile iliyokwisha kuwemo simuni mwake, kwa mpangilio ule ule aliouacha aliyeitengeneza.

Kwa idhini yako, niyaweke mbele yako maswali manne ambayo naona kila familia ingefundishwa kujiuliza, ili uone kwamba ombi langu si la mambo ya kubuni.

La kwanza: nani anaweza kuingia? Njia nyepesi kuliko zote ni kiungo. Mtu hutengeneza albamu, akakituma kiungo kikundini, na kila akibonyezaye anaona. Kiungo ni ufunguo ambao kila aliyeushika anaweza kuuchongesha mwingine, na mwenye nyumba asipate habari. Katika Google Photos, albamu iliyofunguliwa kwa kiungo huonekana na yeyote aliye nacho, awe ametajwa au hakutajwa, mpaka mwenye albamu akizime. Viungo vya kualika watu katika vikundi navyo vina hatari hiyo hiyo. Februari 2020 ilibainika kwamba viungo vya kuingilia vikundi kadhaa vya WhatsApp vilikuwa vinapatikana kwa kutafuta tu katika Google. Kikundi cha WhatsApp sasa kinaweza kubeba watu 1,024. Familia haina haja ya idadi hiyo, ina haja ya kuwajua waliomo kwa majina. Upo mpangilio unaomtaka msimamizi amkubali kila mgeni kabla hajaingia, lakini ni lazima mtu auwashe.

La pili: picha ikishapokewa, inakwenda wapi? Hapa ndipo watu wema huumizana bila kukusudia. Simu nyingi huzihifadhi picha za WhatsApp zenyewe katika galari, kando ya picha za watoto na risiti. Galari hiyo huifungua mume, mtoto anayecheza michezo, na fundi simu aliyepelekewa kioo kilichovunjika. Ikiwa simu imewekwa ipandishe folda hiyo katika hifadhi ya mtandaoni, picha ya ukumbini inaweza kujitokeza katika tableti ya nyumbani au runinga ya sebuleni iliyounganishwa na akaunti hiyo. Hakuna aliyeisambaza, na hata hivyo wasiohusika wameiona. Kuzima uhifadhi huo ni kazi ya dakika chache. Tangu Aprili 2025 WhatsApp pia imeweka faragha ya ziada ya mazungumzo, ambayo ikiwashwa huwazuia wanakikundi kuhamisha mazungumzo nje na huzuia picha zisijihifadhi zenyewe simuni. Mama anayepika pilau ya walima na kuongoza kamati ya arusi hakuambiwa na mtu kwamba kitu hicho kipo.

La tatu: mbali na sisi, nani mwingine anaweza kuzifungua? WhatsApp ilikamilisha mwaka 2016 usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, maana yake ni kwamba aliye katikati, hata kampuni yenyewe, hasomi kilichotumwa. Signal nayo ni hivyo. Ente, ambayo ni huduma ya kuhifadhi albamu, husimba picha kabla hazijatoka simuni. Telegram inapendwa na wengi wakidhani ni ya siri kuliko zote, lakini vikundi vyake havisimbwi kwa namna hiyo; mazungumzo yake ya siri ni ya watu wawili tu. Google Photos haisimbi hivyo, wala albamu za pamoja za Apple. Aidha, nakala ya akiba ya WhatsApp iliyowekwa katika hifadhi ya mtandaoni haipati ulinzi huo mpaka mwenyewe auwashe, jambo lililowezekana tangu mwaka 2021. Sisemi kwamba kampuni hizi zina nia mbaya. Nasema mashine hukosea. Novemba 2019 hitilafu ya Google ilifanya baadhi ya video za watumiaji wa Google Photos ziingie katika nakala zilizopakuliwa na watu wasiowajua. Septemba 2018 kasoro ya Facebook iliziachia programu za nje picha ambazo hazikukusudiwa kuonwa, na watumiaji wapatao milioni 6.8 huenda waliguswa. Picha iliyosimbwa kwa funguo zilizo mikononi mwa wenyewe, hata ikienda pasipo pake, haifunguki.

La nne: nani anaweza kufuta? Bibi arusi anaweza kubadili nia. Mgeni aliyeonekana nyuma ya picha anaweza kuomba aondolewe. Katika kikundi cha WhatsApp, aliyetuma ana muda wa siku 2 na saa 12 wa kuifuta kwa wote, na baada ya hapo hawezi tena kuifuta kwa wote. Nakala iliyokwisha kuhifadhiwa simuni mwa mtu inaweza kubaki palepale. Katika albamu, mwenye picha akiiondoa, inaondoka kwa wote walioitazama mle bila kuipakua. Hii ndiyo fadhila kubwa ya albamu kuliko kikundi: picha inakaa mahali pamoja na watu wanaijia, badala ya kugawanywa simu mia moja ambazo hakuna awezaye kuzikusanya tena.

Nikiyapima yote manne, Mheshimiwa, na ukinipa ruhusa ya kutoa rai, naona njia iliyo bora kwa picha za ukumbi wa wanawake ni albamu iliyosimbwa, yenye watu waliotajwa mmoja mmoja, isiyo na kiungo huria, na iliyo chini ya mwanamke mmoja anayejulikana na wote. Ikiwa familia nzima ina simu za iPhone, albamu ya pamoja ya Apple ni nyepesi kutumia na inapokea watu hadi 100, ila ijulikane kwamba haina usimbaji huo. Familia zetu kwa kawaida huwa na simu za kila aina, na bibi wa Lamu hatafungua programu mpya. Kwa nyumba kama hizo, kikundi cha WhatsApp kinatosha, mradi uhifadhi wa galari umezimwa, faragha ya ziada imewashwa, msimamizi anamkubali kila anayeingia, na zile picha nyeti zaidi zinatumwa kwa kutazamwa mara moja tu.

Lakini kabla ya programu yoyote, picha zichujwe. Mikono yenye hina, mapambo ya jukwaa, keki na picha za nikaha ya wanaume zinaweza kwenda popote. Za ukumbini zikae peke yake. Familia inayochanganya zote mahali pamoja hujikuta ikilinda keki kwa bidii ile ile inayomlinda bibi arusi, na mwishowe huchoka ikaacha kulinda chochote.

Naomba unisikilize pia kuhusu mpiga picha, kwani hapa sheria yako inafika kikamilifu. Yeye analipwa, kwa hiyo shughuli yake si ya nyumbani tu. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2021 zimemsamehe kujisajili yule ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10, na bila shaka wapiga picha wetu wengi wamo humo. Lakini msamaha wa kujisajili si msamaha wa kuifuata sheria, na wengi wao hawajaelezwa tofauti hiyo. Tunamkodi mwanamke ili picha zisionwe na wanaume, kisha zinapelekwa studio kwa kijana wa kiume anayezisafisha rangi. Kadi ya kamera inatumika katika arusi inayofuata bila kufutwa. Picha moja nzuri inawekwa Instagram ili kuwavutia wateja, na bibi arusi anaambiwa kwamba sura haionekani vizuri. Albamu nzima inatumwa kwa kiungo kisicho na nenosiri. Sitaji biashara yoyote, wala sipendi mtu apoteze riziki yake. Wengi wa wapiga picha hawa ni mabinti zetu wanaojitafutia kwa halali, na wangefanya vyema zaidi wakielekezwa.

Najua vilevile kwamba hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kuinua simu ya pili akaipiga picha ile ya kwanza. Kufuli yoyote ina kikomo chake, na baada ya hapo inabaki amana baina ya watu. Lakini hata amana inahitaji kutamkwa ili ishike. Kikundi ambacho maneno yake ya kwanza ni sharti lililo wazi, kwamba picha hizi ni za waliomo humu na haziendi kwa mume wala kwa rafiki, humpa kila mwanachama jambo la kukumbuka kabla hajabonyeza. Mwongozo mwema ungewafundisha watu kuyasema maneno hayo bila kuona haya.

Sasa naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, niyalete maombi yangu, nawe uyapime kwa hekima yako.

Kwanza, naomba ofisi yako itoe mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, kuhusu namna familia inavyoweza kuchagua njia ya kutumiana picha kwa faragha. Katiba yetu, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara ya 31 imempa kila mtu haki ya faragha. Haki isiyoelezwa kwa lugha ya mwenye haki huishia katika makabati ya wanasheria. Mwongozo huo uandikwe kwa maneno ya watu wa kawaida, usomeke kwenye simu ndogo bila kula bando, uweze kubandikwa ukumbini na kusomwa redioni. Usitaje programu moja kuwa ndiyo bora, kwani programu hubadilika. Ufundishe maswali, kwani maswali hudumu.

Pili, naomba ofisi yako iandae mfano wa mkataba baina ya familia na mpiga picha, wa Kiswahili, unaosema nani atazigusa picha, zitakaa kwake muda gani, zitapelekwa kwa njia gani, zitafutwa lini, na kwamba hazitatumika kwa matangazo bila ridhaa ya maandishi ya kila anayeonekana. Watoto wawekewe kipengele chao, kama kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinavyowalinda. Mkataba wa aina hiyo ungemlinda mpiga picha kama unavyomlinda bibi arusi, kwa kuwa kila mmoja angejua mipaka yake.

Tatu, naomba, pale utakapokutana na wawakilishi wa kampuni kubwa za mtandao, ufikishe sauti yetu. Tunaomba mipangilio ya faragha iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwamba albamu ya pamoja izaliwe ikiwa imefungwa, ili anayetaka kuifungua ndiye asumbuke. Leo hali ni kinyume chake katika programu nyingi: anayesumbuka ni yule anayetaka kufunga. Na kwa kuwa arusi zetu hazijui mpaka wa Lungalunga, ingetufariji kusikia kwamba mmezungumza na wenzenu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ili shangazi wa Tanga na shangazi wa Mombasa wasome maneno yanayofanana.

Mheshimiwa Kamishna, natambua kwamba umepewa kazi ya kulinda taarifa za taifa zima, na huenda picha za arusi zikaonekana ndogo mbele ya hifadhidata za mamilioni ya watu. Nakusihi usizione ndogo. Mwanamke anayeogopa picha yake itafika wapi huacha kuhudhuria, au huhudhuria akakaa kona ya mwisho na shungi limefungwa, na furaha ambayo mabibi zetu waliturithisha hupungua mtu mmoja mmoja. Haiwezekani kuwaambia watu wetu wasipige picha. Bibi wa Lamu anazisubiri, na ana haki nazo. Kinachowezekana ni kuwafundisha kuzituma kwa njia inayomheshimu aliyemo ndani yake.

Kwenu wasomaji mnaoisoma barua hii kabla haijamfikia mwenyewe, ombi langu ni jepesi: leo, kabla hamjatuma picha nyingine, fungueni mipangilio ya kikundi chenu, mwangalie nani yumo, na mmuulize aliye pichani kama ameridhia.

Na kwako, Mheshimiwa, nakuomba mwongozo huo utufikie kabla ya msimu ujao wa arusi. Kamati zetu ziko tayari kuusoma, kuuchapisha na kuufikisha kila nyumba.



Wako mtiifu,

Mzazi na mwanakamati wa arusi,
Mji wa Kale, Mombasa.